Kilio Alichokifuata Lilongwe

Mama yangu alirudi kutoka sokoni Jumanne asubuhi na chupa tupu, akaiweka mezani juu ya karatasi zangu. Nilidhani mafuta yamepanda bei tena. "Mwenye mawese amefariki," akasema. "Presha. Ameanguka akichota maji kisimani, hata hawakuwahi kumfikisha kwa daktari." Akavua kitenge cha sokoni, akajifunga cha msibani, akatoka. Niseme mapema kwamba sikuwa rafiki wa marehemu, maana siku hizi mtu akifa hupata marafiki wengi ambao hakuwahi kuwaona akiwa hai. Nilikuwa mteja wake, na kwa muda fulani mkalimani wake. Alikuwa mwanamke Muislamu wa Kindu, Kongo, mwenye damu ya biashara, na hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, hakuna aliyeuza mafuta ya mawese mekundu na safi kama yake. Aliniita "mwandishi" kwa sauti ambayo watu wengine husemea neno "mvivu". "Mwandishi, unaandikaga nini kila siku? Andika mafuta imepanda, bantu basome mbele ya kunisumbua." Ameacha binti mmoja wa miaka saba, ambaye kila alfajiri lazima ameze kidonge kidogo kabla ya kula chochote, leo, kesho na maisha yake yote. Nani atasimamia kidonge hicho sasa? Swali hilo lilikaa nasi kwenye mkeka wa msiba, na kwa ajili yake nimeiweka kando safu niliyokuwa nimekwisha kuiandaa.

Binti huyo alipozaliwa, majirani walimwita mtoto wa amani. Wasomaji wangu wa mbali waelewe kwanza jinsi tunavyoishi. Nyumba zetu za matofali ya udongo zimebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea heri bila kuinuka kitandani. Kilio cha mtoto mmoja ni kilio cha mstari mzima. Kwa hiyo tumejijengea desturi. Mwanamke akijifungua, awe Mkongomani, Mrundi au Mnyarwanda, wanawake humwendea na kipande cha sabuni na sukari kidogo, na kila anayeingia hana budi amsifu mtoto kwa neno moja jema. Asiye na neno jema hubaki kwake. Na neno jema kuliko yote kambini si "mzuri", wala si "mnene". Ni "mpole". Jirani wa mwenye mawese wa ukuta mmoja, mama wa Kirundi, mlokole anayeuza nyanya, ndiye aliyemsifu mtoto yule kuliko wote. Mama yangu alikuwepo, naye huyakumbuka maneno yenyewe: "Mungu amekupa zawadi, mukubwa. Uyu mutoto halie, hasumbue. Iko kama haiko." Wanawake wote wakaitikia amina, na mzazi akajifunika uso kwa haya, jinsi mtu anavyofanya akisifiwa mno.

Iko kama haiko. Kweli tupu ilikuwa imesemwa chumbani mle, na wote waliipokea kama baraka. Mtoto alinyonya kidogo, akalala. Macho yake yalibaki ya manjano wiki baada ya wiki. Ngozi ilikuwa kavu na baridi hata katika jua la Oktoba, ulimi mnene ulichungulia nje ya midomo, kitovu kikatuna kama limau. Kila dalili ilipewa jina zuri. Ulimi ni hamu ya ziwa. Kitovu ni cha ukoo wa baba. Kukaa siku nyingi bila choo ni kwa sababu maziwa ya mama hayana takataka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wazee, lakini kimya cha mtoto yule hakikuwa na mshindo wowote. Shingoni mwake, chini kidogo ya koo, tezi ambayo madaktari huiita thairoidi haikuwa ikifanya kazi yake. Tezi hiyo ndiyo inayouambia mwili wa mtoto upate joto, ukue, uamke, na ndiyo inayouhimiza ubongo mchanga ujijenge. Ubongo wa mtoto wa amani ulikuwa unangoja ujumbe ambao hakuna aliyeutuma. Kuna nchi ambako mtoto huchomwa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, tone la damu likapimwa, na kidonge kikaanza kabla hata huo upole haujaonekana. Kwetu hakuna tone hilo. Kwetu kuna sabuni, sukari na sifa.

Alikuwa karibu kufikia mwaka mmoja, hajaketi bado, siku muuguzi aliyepima watoto uzito alipomshika kidevu, akamtazama ulimi, akauliza, "Huyu hulia?" Mama akajibu kwa fahari kwamba hajui kulia kabisa. Muuguzi hakutabasamu. Kutoka hapo wakatumwa Dowa, kwenye hospitali ya wilaya, na kutoka Dowa wakatumwa Lilongwe, kwenye hospitali kubwa, ambako damu ilichukuliwa na jibu likapatikana. Akapewa vidonge pamoja na maelezo: kimoja kila asubuhi tumbo likiwa tupu, chakula kifuate baadaye.

Hapo tukafanya kosa ambalo ni watu wenye upendo wa namna yetu tu wanaoweza kulifanya. Nasema tukafanya kwa sababu nyumba yoyote ya mstari ule ingefanya hivyo hivyo. Sisi tumelelewa tukijua kwamba dawa humezwa na mtu aliyekula. Dawa juu ya njaa hukata utumbo. Tumelelewa pia na msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Na uji wenyewe una heshima yake hapa Malawi: likuni phala, unga wa mahindi na soya, ambao hupewa watoto dhaifu ili wasimame. Mama yule hakuweza kuamini kwamba daktari mwenye akili timamu alitaka mtoto mgonjwa apewe dawa na njaa. Akakiponda kidonge, akakikoroga ndani ya uji wa soya, akamlisha kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likawa tupu. Hakukosa asubuhi hata moja. Miezi ikapita na mtoto akabaki gogo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huu si ugonjwa wa hospitali, kwamba mtoto amefungwa na watu tangu tumboni, na kwamba mama anamtesa malaika wa Mungu kwa vidonge. Baba wa mtoto, aliyekuwa amekwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, aliwaunga mkono kwa simu. Mke akamwambia arudi aje amlee yeye mwenyewe bila dawa, halafu akakata.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mama yangu huniazima kwa majirani kama watu wanavyoazimana kinu, kwa kuwa nasema Kichewa, lugha ya wenyeji. Nilikwenda Lilongwe pamoja na mwenye mawese siku ya kupima damu mara ya pili, na kipimo kikaonyesha kwamba hakuna kilichobadilika. Daktari alikuwa binti wa rika langu, mwenye sauti ya taratibu. "Amayi," akasema, yaani mama, "hebu nieleze, dawa unampaje?" Nikatafsiri.

"Mwambie mi si muzembe," mwenye mawese akajibu. "Naipondaka muzuri, natia mu uji ya soya, anamaliza yote. Mutoto mugonjwa utamupaje dawa na njaa?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba soya hukishika kidonge tumboni kisipite vizuri kuingia kwenye damu. Kimezwe alfajiri kwa maji matupu, mtoto angoje nusu saa au zaidi, ndipo ale. Nilitafsiri nikiangalia sakafu, nikingoja machozi. Hayakuja.

"Kwa hiyo uji njo ilikuwa inakula dawa ya mutoto yangu."

"Ndivyo anavyosema. Lakini mama, usijilaumu..."

"Nani anajilaumu? We tafsiri tu. Muulize: ile yenye imepotea itarudi?"

Daktari alijibu kwa maneno marefu, nami nikamfikishia machache, kwamba mtoto ataamka na atakua. Mwenye mawese akanikodolea macho. "Unapunguza. Mudomo yake imesema mingi kuliko yako. Sema yote." Basi nikasema yote: kwamba mwili utaamka na utakua, lakini ubongo wa mtoto haungoji, kwamba miezi ile ya mwanzo imekwenda na sehemu yake, kwamba atajifunza polepole, na hakuna ajuaye atafika wapi. Alisikiliza huku akimfunga mtoto mgongoni. "Sawa," akasema. "Mwambie tutaanzia hapa penye tuko. Na mwambie nitamurudishia mutoto mwingine, hatamujua."

Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Adhana, kidonge, swala, kisha uji. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kulia. Hakikuwa kilio kidogo cha kuomba ziwa. Kilikuwa kilio kizima, cha mtu aliyeamka na kukuta dunia ina baridi, njaa na inzi. Alilia asubuhi, akalia mchana, akalia akiogeshwa na akilala. Nilikuwa pale kununua mafuta siku mama wa Kirundi alipotokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mukubwa, unamufanya nini uyu mutoto? Tangu asubuhi tunashindwa hata kuomba."

"Analia."

"Nasikia analia. Munyamazishe basi."

"Nimunyamazishe? Hiyo kilio mi niliifuata Lilongwe. Nilipanda minibasi na kibali ya kutoka kambi mu mukono, sababu ya hiyo kilio. Ikaa chini usikie muzuri."

Mama wa Kirundi alikuja kugomba, akajikuta ameketi juu ya ndoo ya mafuta iliyofunikwa. Wakasikiliza wote wawili, kama watu wanavyosikiliza kwaya. "Iko na sauti," akasema hatimaye. "Kama ya muntu anauza samaki." "Inauza mafuta," mwenziwe akamrekebisha, na wakacheka mpaka mtoto mwenyewe akanyamaza kuwatazama. Kuanzia hapo mama wa Kirundi akawa yeye ndiye anayegonga ukuta alfajiri, kuuliza kama kidonge kimekwisha kumezwa.

Naye mwenye mawese akawa tatizo la kambi. Alianza kuhudhuria kila kuzaliwa kwa mtoto, aalikwe asialikwe. Aliingia na sabuni yake kama desturi inavyotaka, halafu akaivunja desturi mbele ya wote. Hakusifu. Aliuliza: ananyonya? Anakunya? Manjano imetoka? Kisha akamfinya mtoto unyayo. Mtoto akilia, alisema, "Asante, huyu muzima," akainuka. Unaweza kufikiria jinsi mama wazazi walivyompenda. Nyumba moja walimfungia mlango. Akaita kupitia dirishani kwamba yeye hana haraka, mafuta haiozi. Nyumba nyingine mtoto wa wiki tatu alifinywa akafumbua jicho moja tu, akalala tena. Mwenye mawese akamwambia bibi wa mtoto kwamba upole wa namna hiyo unaogopesha, na hakutoka mpaka alipoahidiwa kwamba mtoto atapelekwa akapimwe. Akapelekwa. Hakuwa na kitu. Alikuwa mtoto mzito wa usingizi, basi, na sasa anawapiga wenzake mawe njiani. Soko zima lilimcheka mwenye mawese. Wakamwita daktari wa nyayo. Nilimuuliza kama haoni haya. "Haya ya nini? Wameniambia mutoto muzima. Hiyo njo habari nilikuwa natafuta." Na Ijumaa iliyofuata alikuwa njiani na kipande kingine cha sabuni.

Nimekuwa nikifikiri kwa nini tulimchukia kidogo, sisi tuliompenda. Nadhani ni kwa sababu alitunyang'anya neno tunalolitegemea. Upole ndio pasi yetu ya kusafiria, sisi watu wa kambi. Mwaka jana nilialikwa kwenye mkutano mmoja City Centre, mjini Lilongwe, katika chumba chenye baridi ya mashine na chupa za maji mbele ya kila kiti. Mgeni mmoja alisimama akatusifu. Alisema ametembea kambi nyingi, lakini watu wa Dzaleka ni watulivu, wavumilivu, hawalalamiki. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Katikati ya makofi nikajiuliza huyu mgeni angesema nini kama angekuwa daktari. Watu wengi hivi, waliopoteza nchi, wanaoishi kwa mgao unaopungua, wasioruhusiwa kwenda mbali bila karatasi, na hawalii? Mtu mwenye akili akikutana na kimya cha namna hiyo hapigi makofi. Anaomba damu ipimwe. Anauliza ni ujumbe gani ambao haukufika mwilini. Lakini upole wetu unawarahisishia kazi walio katika ofisi za serikali kule Capital Hill, unawarahisishia wafadhili, na unaturahisishia hata sisi wenyewe, wazazi na wachungaji na masheikh na wenyeviti wa mitaa. Kwa hiyo tunausifu, kizazi hata kizazi, na anayefinya unyayo tunamfungia mlango.

Hata sisi waandishi wachanga hatujapona. Kila nikisoma kazi yangu mbele ya watu, husimama mzee mmoja mwenye nia njema akasema kwamba maandishi yangu ni matulivu, hayamchokozi mtu. Zamani niliinama kushukuru. Sasa nikisikia hivyo nakwenda nyumbani kuandika upya.

Turudi msibani, maana swali la kidonge bado liko mkekani. Mtoto wa amani sasa ana miaka saba. Anakaa darasa moja na watoto wadogo kuliko yeye, maneno yake ni machache na mazito, na herufi humtoroka kila wiki. Lakini anakimbia, anagombana, anajua nyimbo, anabeba chupa za wateja bila kumwaga. Siku ya tatu baada ya maziko, mama yake mkubwa, dada wa marehemu, ambaye ndiye atakayemlea, alisema mbele ya wazee kwamba dawa sasa basi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. "Mutoto amepona. Si munaona anakimbia? Tutamuchosha na dawa mpaka lini?" Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

"Hajapona," mama wa Kirundi akasema kutoka nyuma. "Dawa njo inamukimbiza. Mukiacha, atarudia kulala."

"Mama, tunakuheshimu, lakini haya ni mambo ya familia," akasema mzee mmoja.

"Ukuta yangu na yake ni moja. Familia njo nini?"

Nami nilisema niliyoyajua, kwamba nilikuwepo, kwamba daktari alisema ni dawa ya maisha. Mzee yule akanijibu kwa upole, upole ule ule, kwamba msiba si mahali pa mabishano, tutazungumza baada ya arobaini. Arobaini! Mwili wa mtoto haujui arobaini. Mama wa Kirundi na mimi tulitazamana.

Asubuhi yake nilikuwa bado uani, kwenye moto wa wanaume. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mama mkubwa alitoka jikoni na bakuli la uji unaofuka moshi, akachuchumaa mbele ya mtoto, akapuliza kijiko. "Kula, mama," akambembeleza, maana mtoto wa kike kwetu huitwa mama. Mtoto akausukuma mkono ule taratibu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na pakiti ya vidonge na kikombe. Vidole vyake si vyepesi. Alihangaika na ile karatasi inayong'aa ya pakiti kwa muda mrefu, na wanawake wote uani wakaacha walichokuwa wakifanya. Mama mkubwa alinyoosha mkono kumsaidia au kumzuia, sijui. Mtoto akampa mgongo. Kidonge kikatoka. Akakimeza kwa maji, akafungua kinywa kuonyesha kwamba hakuna kitu, jinsi alivyozoea kumwonyesha mama yake, kisha akarudi kuketi.

"Haya, sasa kula."

"Bado."

"Uji itapoa, mama."

"Ipoe."

Mama mkubwa aliwatazama wanawake wenzake akitafuta wa kumsaidia. Hakuna aliyemsaidia. Akalifunika bakuli kwa sahani, akaketi chini kando ya mtoto, naye akaanza kungoja. Kesho yake nilipopita, uji ulikuwa umefunikwa kabla mtoto hajaamka.

Wasomaji wangu, mimi sina elimu ya tezi wala ya damu, na mtoto akikutia shaka mpeleke kwa wenye elimu hiyo, hata kama utachekwa. Nina jambo moja tu la kuwaachia kutoka uani pale. Sisi watu tunaolishwa tunajua kushukuru kwa lugha nyingi. Mtoto wetu hajaota meno, tumemfundisha asante. Hajaanza shule, anajua merci. Akikanyaga barabara ya Dowa tayari anasema zikomo. Tumewapa watoto shukrani zote hizo kabla ya kuwapa neno la kumzuia anayewalisha vibaya kwa nia njema. Tugeuze mpangilio. Mtoto ajue kwanza kusema bado, na mkubwa aliyeshika kijiko ajifunze kuketi angoje. Shukrani itakuja, haina haraka.